Kisu cha Funguo na Kucha za Maige

Jumatatu, 3 Julai 1995

Bega limevimba tena. Nimelikanda kwa maji ya chumvi, halikusikia. Kwetu Kisarawe mzigo mzito ni gunia la mkaa, na mkaa angalau haukuyeyukii mgongoni.

Lakini leo siandiki kwa sababu ya bega. Leo nimekumbukwa na Mungu.

Jana nilinunua koti la mitumba pale sokoni Mlango Mmoja. La kahawia, pana, mikono inanifunika vidole. Leo alfajiri natia mkono mfuko wa ndani, nakuta kitu kigumu. Natoa. Kisu! Si kisu cha kuchinjia. Ni cha kukunja, chekundu, urefu wake ni kidole changu cha mwisho, na kina pete ya kutilia funguo. Kina ubapa. Kina mkasi. Kina kibano cha kung'olea miiba. Kina hata kijiti cheupe cha kuchokolea meno, kimelala ubavuni kama mtoto kwenye mbeleko. Mzungu gani anagawa koti na kusahau kitu kama hiki ndani?

Nimeuweka kwenye pete ufunguo wangu. Ninao mmoja tu, wa kufuli la chumba. Umependeza.

Kazini, pale kiwanda cha samaki, kuna habari kubwa zaidi. Ndalahwa, mmoja wa wakata minofu, ameacha kazi. Amekwenda Geita kutafuta dhahabu. Nafasi yake ndani ya ukumbi iko wazi. Bwana Revocatus, msimamizi wetu, amesema atachukua mtu kutoka kwetu sisi wabeba barafu, na Jumamosi atamtaja.

Ndani kuna koti jeupe, gambuti, chai ya saa nne, na sangara analetwa mpaka mezani kwako. Nje kuna barafu, ubao wa kupandia boti, na barafu nyingine. Mganga wa zahanati alishanionya. Alisema nikizidi kulibebesha bega hili, mkono utabaki wa pambo. Na mtu aliyeishia darasa la sita, asiye na mkono, sijui atafanya kazi gani.

Kwa hiyo nafasi ile ni yangu. Lazima iwe yangu.

Mpinzani ni mmoja. Maige. Msukuma wa Misungwi, mpana kama mlango wa ghala. Mimi nikibeba pande moja la barafu yeye anabeba mawili, na juu yake anaimba. Isitoshe ni mtani wangu. Wazaramo na Wasukuma wametaniana tangu misafara ya mababu, kwa hiyo ana haki ya kunisema kutwa nzima, nami sina haki ya kununa.

Lakini Maige hana kisu chenye mkasi.


Jumanne, 4 Julai

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Ukumbini wanataka mtu wa visu. Basi Bwana Revocatus anione mimi ni mtu wa visu. Kila akihitaji kukatiwa kitu, mimi niwe karibu.

Saa nne alikaa juu ya kreti tupu, akatoa chungwa. Nikasogea, nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia bosi asihangaike, kazi hiyo ni yangu. Nikatoa kisu. Ubapa ulikataa kufunguka, nikaufungua kwa meno. Nikaanza kumenya.

Shida ni kwamba lile chungwa lilikuwa kubwa na kisu kifupi. Ikawa kama kumnyoa mgonjwa. Ganda lilikuwa linatoka kidogo kidogo kama magamba ya sato. Maji ya chungwa yakaniruka jichoni. Bwana Revocatus akatazama saa. Akatazama ziwa. Akatazama saa tena.

Maige akapita, akalichukua lile chungwa mkononi mwangu kama anamchukulia mtoto. Ana kucha zile, ndefu, nene, za kuning'inizia barafu. Akazizamisha, akazungusha mara moja, ganda lote likatoka likiwa zima. Bosi akala. Akamshukuru Maige.

Kisha Maige akainua kisu changu juu kwenye mwanga, wote waone. Akauliza, "Mtani Yunus, hiki Wazalamo mnakatia nini? Kitovu cha mbu?"

Walicheka wote. Hata nahodha wa boti, ambaye hatujawahi kuyaona meno yake.

Sikukata tamaa. Nilimpa Bwana Revocatus kile kijiti cheupe achokoe meno. Akakigeuza geuza, akauliza nani mwingine amewahi kukitumia. Nikamjibu kwa ukweli kwamba ni mimi tu, tena jana tu. Akanirudishia.

Jioni bega linawaka.


Jumatano, 5 Julai

Nimepata siri.

Gladness, anayekata minofu ukumbini, amepanga chumba cha pili katika nyumba yetu. Asubuhi tulikutana bombani. Akanihurumia jinsi nilivyokuwa nainua ndoo kwa mkono mmoja, akaniambia. Jumamosi hawataangalia nguvu. Mwezi huu wanakuja wakaguzi wa Wazungu wanaonunua samaki, na Bwana Revocatus anatetemeka. Ataangalia mikono. Anayetaka kuingia, kucha ziwe fupi na safi, na mkono usiwe na kidonda, hata mchubuko. Akasema pia kwamba ndani haliingii chuma chochote, hata funguo zinaachwa kwa mlinzi. Hilo la mwisho sikulitilia maanani. Wakikiona kisu chenyewe watafikiria upya.

Nilikwenda kazini kama mtu aliyelala vizuri. Kucha za Maige! Kwa kucha zile hata kuku wasingemruhusu aingie.

Kazi yangu ni kunyamaza tu.

Mchana tulikuwa kibandani kwa Dorotea, mama ntilie wetu, pale nje ya geti. Watu wameshaona mkasi. Kila mtu anataka kukatwa kucha. Nilimkata Elias, maana Elias si mpinzani. Ni mwembamba, anaimba kwaya, anabeba barafu kama amebebeshwa mtoto wa mwenzie. Nilimkata vizuri, moja moja. Akazitazama, akasema hajawahi kuwa na mikono kama hii tangu kipaimara.

Kisha Maige akaninyooshea mikono yake miwili. Bila kejeli. Akasema na yeye anaomba. Nikamwambia mkasi umechoka.

Akauliza mkasi unachokaje. Nikamwambia mikasi ya Ulaya ina taratibu zake.

Dorotea alikuwa anakoroga maharage. Akauliza shida yote hii ya nini wakati wembe upo. Anao kwenye kopo, anakatia watoto wake wote, mwenye kuutaka aseme. Nilimweleza kwa upole kwamba wembe ni wa watu ambao hawana vifaa. Akanitazama, akarudi kwenye maharage yake.

Zangu mwenyewe nimekata za mkono wa kushoto. Zimependeza sana. Za kulia zimenishinda. Mkono wa kushoto haujui mkasi, na mkasi ni mdogo, unanitoroka. Ningempa mtu anikate, lakini kitu kama hiki kikizoea kupita mikono ya watu, siku moja kinarudi bila kijiti chake. Nitajikata mwenyewe polepole. Ijumaa nitakuwa nimemaliza.


Alhamisi, 6 Julai

Mjomba Pazi amekufa.

Habari ameileta Rahim, mtu wa kwetu, anafanya kazi kwenye behewa la chakula la treni ya Dar. Aliteremka akaja moja kwa moja kiwandani akiwa na sare yake. Mjomba amezikwa Jumapili. Mimi Jumapili nilikuwa Mlango Mmoja nachagua koti.

Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisindikiza stesheni siku nakuja huku. Alisimama pale mpaka treni ikaondoka, akiwa ameshika mfuko wa korosho aliosahau kunipa.

Bwana Revocatus aliniruhusu kuondoka mapema. Nikatandika mkeka chumbani, nikakaa. Mtu akifiwa mbali na kwao hajui akae upande gani wa chumba.

Jioni wenzangu wakaja. Dorotea akaja na sufuria la uji. Gladness akakoka jiko. Elias alitaka kuimba, akakumbuka mimi Mwislamu, akanyamaza kwa heshima.

Kisha akaja Maige. Amejifunga kanga ya Dorotea, amekamata fimbo, mgongo ameupinda, anakohoa. Kumbe alishamwuliza Rahim kila kitu. Akajikokota mpaka kwenye mkeka, akakaa mbele yangu kwa kuugulia, akaniangalia kwa jicho moja, hivyo hivyo kama mjomba.

"Yunus mwanangu," akasema, "nimekuachia mikorosho yote ile, wewe umekuja huku kubeba maji yaliyoganda?"

Akaniomba ugoro. Akasema huko alikofika amekuta Wasukuma wengi mno, wameingia na ng'ombe wao, hakuna pa kukaa, na yeye anafikiria kurudi nyumbani Maneromango kwa miguu. Akauliza kama treni ya leo ina nafasi ya marehemu. Rahim akamjibu kwamba nafasi ipo, ila daraja la tatu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia, na hapo ndipo nililia vizuri. Wote wakaniacha.

Mtani ana haki zake msibani. Maige akajilaza kizingitini, hakuna kutoka hakuna kuingia, akasema haondoki mikono mitupu. Akanyoosha mkono ukutani, msumari ninapotundikia ufunguo. Akachukua vyote. Ufunguo, pete na kisu.

Akasema huo ndio urithi alioachiwa na mjomba.

Kitu alichochukua mtani msibani hakigombewi. Kinakombolewa, kwa atakachokitaja yeye. Ukikasirika umejiaibisha, na umemwaibisha maiti wako. Nikamwuliza anataka nini. Akasema leo ni siku ya kulia, atataja kesho.

Wameondoka. Mlango haufungiki, ufunguo anao Maige. Nimeweka ndoo nyuma ya mlango. Nimebaki na mkono mmoja uliokatwa kucha na mmoja ambao bado.


Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Serikali imepumzika. Sangara hawajui sikukuu, na sisi pia.

Mchana Maige alisimama katikati ya kibanda cha Dorotea, kisu kinaning'inia kwenye kidole chake. Akatangaza anachotaka. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani atataka sahani ya sato, au koti lenyewe.

Akasema anataka akatwe kucha. Zote. Za mikono na za miguu.

Nikamwambia achukue koti. Akasema koti halimwingii hata bega moja. Nikasema nitamlisha samaki. Akasema yeye amezaliwa anavua samaki. Akasema tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumkata kucha, na jana alipokuwa mjomba wangu alijisikia mzee, akatamani kutunzwa.

Nilimwangalia kama anajua ile siri. Hajui. Uso wa Maige hauna mahali pa kuficha kitu.

Nikamwomba Dorotea aamue. Dorotea ni Mkerewe, hayumo katika utani wetu. Akasema mtani ameshataja, kata kucha, watu wapate kula.

Basi nikakaa chini, mkono wa Maige pajani kwangu, na watu wamezunguka na sahani zao. Nilianza na mkono wa kulia. Nilifanya ujanja mmoja. Nilikiruka kidole cha mwisho, nikahamia mkono mwingine kana kwamba nimemaliza. Maige akakiinua kile kidole, akakichezesha mbele ya macho yangu. Nikakikata.

Mikono ikaisha. Ilikuwa mikono mizuri, sitasema uongo. Ikaja miguu.

Kucha za miguu ya Maige si kucha, ni pembe za kondoo. Nilienda nazo kwa kuguguna. Nilipofika dole gumba la mguu wa kushoto mkasi ulilia, kach, na kijispringi chake kikakatika, kikapaa juu ya vichwa vya watu na kutumbukia kwenye sufuria la maharage.

Kila mtu akaanza kupekua maharage.

Tulikipata. Elias alikipata, kwa jino.

Lakini mkasi haurudi tena. Ukiubana unabaki umebanwa. Maige alihuzunika kweli. Alinirudishia kisu kwa mikono miwili, akasema ataniletea kuku kutoka Misungwi. Nikamjibu hakuna neno, maana ndivyo mtani anavyopaswa kujibu.

Dorotea akanifuata na kopo lake, akalitikisa. Wembe ukalia ndani. Akauliza kama sasa nimekubali. Nikamshukuru, nikasema nina mpango.

Sikuwa na mpango. Nyumbani nimejaribu kuzisugua kucha za kulia ukutani. Sasa zina meno kama msumeno.

Sasa mpango ninao. Nitamwonyesha mkono wa kushoto.


Jumamosi, 8 Julai

Tulipangwa mstari mbele ya mlango wa ukumbi. Bwana Revocatus alipita akiwa na Gladness nyuma yake na beseni la dawa. Kila mtu ananyoosha mikono.

Aliponifikia nikanyoosha wa kushoto, wa kulia nikajikunia mgongo. Akaniuliza tangu lini mtu mwenye adabu anampa mkubwa wake mkono wa kushoto. Nikamwambia mgongo unaniwasha sana, tangu msiba. Akangoja. Mimi nikazidi kujikuna. Anajua kungoja, yule. Mwishowe nikautoa.

Akaviweka viganja vyangu sambamba. Akasema, "Huu ni mkono wa karani wa benki. Na huu ni wa fuko. Wewe ni yupi?"

Nikaificha yote miwili mgongoni.

Akaenda kwa Maige. Akasimama. Akamwita Gladness aje aone. Mikono mikubwa, safi, kila ukucha umechongwa. Akamwuliza nani aliyemkata vizuri hivi. Maige akanionyesha kwa kidevu, anajivuna kama vile mimi ni mwanawe aliyefaulu. Akasema ni mtani wake, tena ni fundi.

Bwana Revocatus aliniangalia muda mrefu. Nadhani alikuwa anataka kuniuliza kitu, akaona hapana.

Maige amechukuliwa.

Amekuja kunishika mkono. Nimempa wa kulia, wa fuko.


Jumatatu, 10 Julai

Siku ya kwanza ya barafu bila Maige.

Sikujua kwamba ule wimbo ulikuwa unabeba. Maige akiimba miguu yetu wote ilikuwa inashuka pamoja, na ule ubao wa kupandia boti unacheza mara moja tu. Leo kila mtu na mguu wake. Ubao ukacheza ngoma isiyojulikana. Elias alijitolea kuimba. Anajua nyimbo za kanisa tu, tena zile za ekaristi, polepole mno. Tulisimama katikati ya ubao na barafu mabegani tukingojea kiitikio. Pande langu likaniponyoka, likaingia ziwani, likaelea likaenda zake.

Bega silihisi tena. Mganga alisema hiyo ndiyo dalili mbaya.

Saa nane nilichungulia dirisha la ukumbi. Maige amesimama kwenye meza, koti jeupe limemkomea kwenye viwiko, mdomo umefungwa kitambaa. Akanipungia. Sikumjibu. Halafu nikamjibu.

Nimempa Dorotea kisu nimwonyeshe kwamba kibano bado kizima. Akakitumia kutoa mwiba kwenye kidole cha binti yake Winnie. Akasema kinafaa. Hilo nalo ni jambo.


Jumanne, 11 Julai

Maige ametoka ukumbini!

Ametoka mwenyewe. Asubuhi tuko kwenye barafu, tunasikia sauti yake nyuma ikituamkia Kisukuma, "Mwangaluka!" Amevaa kaptula yake ya zamani. Akanyanyua mapande mawili, akaanza kuimba kabla hajafika kwenye ubao.

Mchana akatusimulia. Ndani unasimama mahali pamoja kutwa. Samaki anapita, unakata, anapita mwingine. Hakuna kuongea na hakuna kuimba. Yeye alijaribu kuimba ndani ya kitambaa. Wimbo ukamrudia kooni. Bwana Revocatus akamwonya, akaacha, ukaanza kutoka wenyewe. Anasema kidogo afe kwa kuzibwa na wimbo wake. Mikono yake inafaa kule, kifua chake hakifai.

Kisha akaniambia lililobaki, akiwa ameangalia sahani. Amemwambia Bwana Revocatus amchukue mtani wake. Kwamba mtu aliyeweza kukata kucha za Maige hawezi kushindwa na samaki. Kwamba lile bega wamelitazama wote, ila hakuna aliyelisema.

Nikamwambia angeniuliza kwanza. Akasema mjomba Pazi alishauliza.

Saa kumi Bwana Revocatus alinijia mwenyewe. Akasema, "Kesho asubuhi, kabla ya kengele. Nataka nione mikono yote miwili, Yunus. Miwili." Akaondoka.

Sikuweza kubeba pande lililofuata. Si kwa sababu ya bega.

Baada ya kazi Dorotea hakuniomba ruhusa. Alinivuta nyuma ya kibanda, akanikalisha kwenye kigoda, akatoa wembe. Akaushika mkono wangu wa kulia kama wa mwanawe. Hakunichubua hata kidogo. Cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada. Vikawa kama vya kushoto. Nikaona jinsi kesho itakavyokuwa. Koti jeupe. Chai. Bega limepumzika. Nikitoka nitamwandikia mama mkubwa kule nyumbani.

Limebaki dole gumba. Hapo nikamzuia.

Sijui nielezeje. Nilikiona kisu kinaning'inia kiunoni kwangu. Kilitoka mfukoni kwa Mzungu, kikachekwa, kikachukuliwa msibani, kikavunjika mkasi kwenye mguu wa mtu. Halafu kesho wafike mahali waseme Yunus aliingia kwa wembe wa mama ntilie? Angalau ukucha mmoja kimalize chenyewe. Ubapa upo. Ni kazi ndogo, na kisu hiki kimetengenezwa kwa kazi ndogo.

Nilimshukuru Dorotea kwa heshima zote, nikasema hili moja nitalimalizia nyumbani. Akaniuliza kama nimekula leo.


Jumatano, 12 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi ziniwie radhi.

Nilianza alfajiri, mwanga umeshaingia dirishani. Nilikaa kitako. Nilishika kisu barabara. Ukucha ulikuwa mgumu, nikaongeza nguvu. Ubapa ukapita ukucha, ukaendelea.

Damu ilifika mpaka kwenye koti. Gladness alinifunga kitambaa, akatikisa kichwa kuanzia kitambaa kilipoanza mpaka fundo la mwisho.

Kabla ya kengele nikasimama mbele ya Bwana Revocatus. Nikanyoosha yote miwili. Akahesabu vidole kwa macho, akafika kwenye kile kilichofungwa. Akauliza nimekatwa na nini. Nikamwonyesha. Akakichukua kisu, akakilaza kiganjani, akakifungua na kukifunga. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, kitu hiki kinamkataje mtu. Kisha akanirudishia taratibu na kunishika bega. Lile bovu. Nadhani hakukumbuka.

Amemchukua Elias. Kucha zake bado zilikuwa nzuri. Nilizikata vizuri, zile.

Leo sikubeba. Maige alipachika pande langu juu ya yale mawili yake, akaniambia nitangulie nishike kamba ya ubao, mtani asiye na dole asijifanye mwanaume. Akaimba. Wimbo ulikuwa na jina langu na jina la mjomba Pazi, ni Kisukuma, sikuelewa nimetukanwa nini, ila wenzangu waliitikia kwa furaha sana. Miguu yote ikashuka pamoja. Tulipomaliza aliniketisha kivulini, akakifungua kile kitambaa, akakitazama kidonda, akakifunga tena. Sikusikia habari ya kitovu cha mbu.

Dorotea alinipa maharage bila kunitazama. Kopo lake limekaa pale pale.

Gladness anasema wakaguzi wakishapita huenda wakaongeza mtu mwingine ukumbini. Nimeshapanga. Jumapili nakwenda Mlango Mmoja kupekua makoti, Mzungu aliyesahau kisu kimoja huenda amesahau na kingine, nitoe springi yake. Mpaka hapo ubapa unatosha. Wiki nzima wamekicheka, wamesema hakikati hata chungwa. Leo wamekiona. Kilikata ukucha, kikakata nyama, na kingeachiwa kingekata mfupa. Hakuna aliyecheka.

Ukucha wenyewe ukiota tena, nitajua namna ya kukishika.